Kocha Anapoingia

Mimi simung'unyi maneno: Kocha ndiye aliyenifanya mtu. Vikombe vya mpira wa pete vilivyojaa kabati la klabu ni jasho lake. Sasa wanachama walikuwa wanaamua kama jina lake libaki kwenye lango la uwanja au lifutwe, na mwenyekiti alinitaka niseme wa kwanza. "Ukimtetea wewe, Kapteni, yamekwisha," aliniambia. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Nilikubali. Moyo ulinisuta, lakini nilikubali.

Mdogo wangu alikaa kando yangu, gongo lake la kutembelea limeegemea kiti. Yeye ndiye alikuwa mfungaji wetu. Goti lilipomvimba, Kocha alimdunga sindano, akasema ni vitamini, akamrudisha uwanjani. Kumbe ganzi! Alicheza fainali nzima bila kusikia goti likisagika. Wenzake wawili nao walidungwa, wakayasema magazetini. Nyumbani hakuwahi kuniambia nichague upande. Asubuhi ile alinipigia pasi gauni tu, akanitania, "Usihutubie mpaka jioni, dada, watu wana watoto."

Mlango ukafunguliwa, Kocha akaingia. Amezeeka, maskini, koti limempwaya mabegani. Nilimhurumia.

Tukasimama. Wote! Ilikuwa sheria yake ya kwanza: kocha akiingia, hakuna makalio kwenye kiti. Hata wale wawili wa magazetini walisimama.

Kando yangu gongo likaanguka. Mdogo wangu alikuwa anahangaika kunyanyuka, ameng'ang'ania kiti cha mbele, jasho linamtiririka. Kocha akamwona. Badala ya kumwashiria akae, akangoja, kama alivyokuwa akimngojea mchelewaji mazoezini.

"Keti, mdogo wangu," nikamwambia.

"Hajaturuhusu, dada," akaninong'oneza. Mama wa watoto watatu, ananong'ona!

Nikaketi mimi kwanza, kwa kishindo, nikamvuta naye akaketi. Ukumbi mzima ulikuwa bado umesimama.

"Kapteni," Kocha akaniita, "vipi tena?"

"Goti lake umeliona," nikasema, na machozi yakanitoka mbele za watu. "Umeliona, Kocha, na bado ulikuwa unangoja."

Nyuma yetu viti vikaanza kulia, kimoja kimoja, watu wakiketi.

Mwenyekiti akakohoa, akauliza kama bado nitasema wa kwanza. Nikamwambia nimeshasema.