Kiuno cha Mwalimu Mkuu

Fundi hakuwahi kuandika kipimo. Kwa miaka thelathini alimpima mtu, akatupia futi shingoni, akaendelea na porojo zake, na wiki ikiisha suti ilimkaa mteja utadhani amezaliwa nayo. Mafundi wenzake waliotembea na madaftari aliwatania kwamba wamesahau vichwa nyumbani.

Halafu pombe ikamchukua, miaka si haba. Sasa alikuwa na miezi saba hajaonja hata tone. Mikono ilikuwa imetulia, na binti yake, aliyekalia cherehani ya pili tangu amalize darasa la saba, alipita mtaani kifua mbele. Kwa hiyo mwalimu mkuu, ambaye fundi alimshonea suti ya harusi miaka ya nyuma, alipoleta kitambaa, akaahidi suruali ikimpendeza atawaleta na walimu wake kumi na wawili washonewe sare, baba na mwana waliona jina la duka limefufuka.

Siku ya kujaribu, mwalimu alitoka nyuma ya pazia ameishikilia suruali kwa mikono miwili, zipu imegoma katikati. Akauliza kama hiyo ni ya mjukuu wake.

"Si ulisema mwenyewe unataka ibane?" fundi akajibu bila kupepesa macho. "Tulisimama pale mlangoni, ukaniambia ndio mtindo wa siku hizi."

Mwalimu hakuwa amesema kitu kama hicho. Akavaa ya kwake, akasema ulevi angeweza kuusamehe, lakini kudanganywa mchana kweupe, hapana. Walimu wake angewatafutia fundi mwingine.

Binti hakubishana na mtu. Aliipima ile suruali: kiuno inchi thelathini, kimekatwa safi, hakuna mshono uliokwenda upande. Mkono wa kubahatisha haukati hivyo. Akamwuliza baba yake, kama anayepiga soga tu, suti ya harusi ya mwalimu ilikuwa na kiuno gani.

"Thelathini. Urefu arobaini na mbili. Alikuwa mwembamba kama sindano."

"Na wiki iliyopita, ulipompima?"

Baba akataja namba. Baada ya chai binti akamwuliza tena, akataja nyingine, kwa uhakika uleule. Alichokuwa akikitafuta alikuwa amekiona.

Asubuhi alimpeleka zahanati. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimpa fundi maneno matatu ya kukumbuka, na baada ya dakika tano hakubaki nalo hata moja. Kisha akawaeleza. Pombe ya miaka mingi huumiza ubongo na kuunyima vitamini unayoihitaji. Ya zamani yanaweza kubaki yamekaa, mapya yanateleza, na pale penye pengo ubongo unajijazia kisa, mwenyewe akakiamini. Huyu hadanganyi. Dawa, chakula na kutokunywa vitamsaidia, ila hawezi kuahidi kwamba yote yatarudi.

Njiani fundi akamwuliza binti yake, "Kwa hiyo mimi nimekwisha, mama?"

"Hujaisha, baba. Jicho lako linajua, mkono wako unajua. Kinachotakiwa ni kalamu."

Binti alinunua daftari, akaliweka mezani, akaandika juu yake kwa herufi kubwa PIMA NA UANDIKE, kisha akaenda mwenyewe kumwomba mwalimu mkuu aje mara moja tu.

Mwalimu alikuja na kitambaa kipya kwapani na uso umekunjwa. Dukani walikuwapo wateja wawili na fundi wa duka la jirani, aliyekuja kuazima pasi na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Binti akataka kuvuta pazia. Baba akamzuia.

"Mwalimu, sikukudanganya," akasema, watu wote wakisikia. "Pombe imenila hapa." Akagusa paji la uso. "Nikikupima sasa hivi, baada ya chai sina kitu. Nilikukatia suruali kwa kipimo cha harusi yako. Kunywa nimeacha, lakini hii imebaki. Nitakupima upya, na nitaandika."

Binti hakuwahi kumwona baba yake akiwa mrefu kiasi kile.

Mwalimu akainua mikono apimwe. "Andika," akasema, "ila usitaje kwa sauti."

Fundi akazungusha futi, akashika kalamu, akaandika polepole: arobaini na moja. Akaitazama namba, akatazama kiuno, akapima tena. Ilikuwa sawasawa. Mwalimu akauliza walimu wake wakija wamwone nani.

"Mimi na binti yangu," fundi akasema, akatandaza kitambaa.