Mtihani kwenye Kompyuta ya Mhandisi

Programu ya mtihani ilipomkatalia mara ya kwanza, muuguzi hakukasirika. Alidhani amekosea neno la siri. Akaliandika upya, herufi moja moja, akilitamka kwa sauti ya chini kama anayehesabu matone ya dripu. Kioo cha kompyuta kikatulia, kikazungusha kiduara chake, kisha kikaleta maneno yale yale: mfumo wa kifaa hiki hautambuliki.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na mtihani ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi katika wodi ya watoto, miguu inamwaka moto, na sare hajaivua. Chuo alichosoma kwa mtandao, akitafuta stashahada ya uuguzi wa chumba cha upasuaji, kilikuwa kimewaagiza wanafunzi waijaribu mapema programu ambayo ingewaangalia kwa kamera wakati wakijibu maswali. Agizo lenyewe lilikuwa na kurasa tatu. Kwenye ukurasa wa tatu, kwa maandishi ya kuumiza macho, ndipo alipoona kwamba programu ilikubali mifumo miwili tu ya kompyuta. Wa kwao haukuwemo.

Wa kwao ulikuwa uamuzi wa mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, lakini majirani walimwita Mhandisi, naye hakuwahi kuwasahihisha. Miaka miwili nyuma, kompyuta ya nyumbani ilipoanza kujikokota, aliufuta mfumo uliokuja nayo kutoka dukani, ule ambao karibu kila mtu anao, akaweka mfumo huria, unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Hakumwuliza mtu. Muuguzi alirudi kazini akakuta kila kitu kimehama mahali pake, kama mtu anayeingia nyumbani mwake akakuta kabati la vyombo limehamishiwa chumbani.

Na asiseme uongo, mwanzoni alinung'unika lakini baadaye aliuzoea, hata akaupenda. Zamani akiiwasha kompyuta ile, aliweza kwenda kuoga na kurudi akaikuta bado inajipanga. Sasa ilikuwa tayari kabla hajavuta kiti. Virusi vilivyozagaa kwenye flashi za wenzake wodini, vilivyomlia muuguzi mkuu ratiba ya zamu ya mwezi mzima, kwake havikufua dafu. Aliviona vimejilaza kwenye orodha ya mafaili kama wadudu waliokufa dirishani, akavifuta. Kwa miaka miwili hakuwahi kupoteza hata ukurasa mmoja wa maandishi yake ya masomo.

Lakini ulikuwa na vituko vyake. Majedwali ya dozi aliyotumiwa na mwalimu yalifunguka yamepinda, safu ya miligramu imeangukia kwenye safu ya majina ya dawa, na kwa mtu wa kazi yake hilo si jambo la kuchekea. Printa ilibidi ibembelezwe. Kubwa kuliko yote, mtu akikwama hakuwa na pa kuuliza. Mwenye mfumo wa wengi angeweza kumsimamisha yeyote koridoni akasaidiwa. Muuguzi alikuwa na fundi mmoja tu dunia nzima, na fundi huyo alilala naye kitanda kimoja, na fundi huyo alikuwa na jibu lile lile kwa kila kitu.

"Mfumo wetu hauna kasoro," Mhandisi alisema jioni ile, baada ya kusoma agizo la chuo akiwa amesimama. "Programu yao ndiyo ya hovyo. Mtu anayejua kazi yake hawezi kutengeneza kitu kikatumika kwa watu wa aina mbili tu."

Muuguzi alimwambia kwamba huenda ni kweli, ila yeye hafanyi mtihani wa kutengeneza programu. Anafanya mtihani wa famakolojia, somo la dawa, na anahitaji kompyuta itakayofunguka Jumapili saa nne asubuhi. Mumewe akamwambia asiwe na wasiwasi, ampe siku mbili.

Siku mbili zikawa tano. Kila akitoka kazini Mhandisi alivua viatu na kukaa mbele ya kompyuta, na kwa kuwa alikuwa ameikalia yeye, mkewe hakuweza kusoma. Muuguzi alijibanza kwenye kona ya kochi na simu yake ya kioo kidogo, akiyavuta majedwali kwa vidole viwili, huku mumewe akimweleza kwa furaha jinsi alivyoipiga chenga programu hii na ile. Jumatatu programu ya chuo ilikataa kabisa. Jumanne ilifunguka kisha ikajifunga. Alhamisi alimwita kwa sauti ya ushindi, na kweli, ukurasa wa kuingilia ulikuwa pale, umejaa kioo chote. Muuguzi akakaa, akaandika jina lake na namba yake ya mwanafunzi. Mahali ambapo uso wake ulitakiwa kuonekana palikuwa na mraba mweusi tii.

"Kamera tu hiyo," alisema Mhandisi. "Imebaki kamera tu."

Muuguzi aliinuka, akaenda kupiga simu chumbani. Alimpigia wifi yake, dada wa Mhandisi, karani wa kampuni ya bima aliyekaa mitaa minne kutoka kwao. Wifi alikuwa na kompyuta yenye mfumo wa wengi, nayo kazi yake kubwa ilikuwa kutazama tamthilia. Alikubali kabla ombi halijaisha. Akasema kaka yake alikuwa hivyo tangu utotoni, aliwahi kuifumua redio nzima ya baba yao kwa kuwa hakupenda mlio wake.

Mhandisi aliposikia hakugomba. Aliendelea tu na kamera yake mpaka Jumamosi, kama vile mkewe hakusema lolote, na hilo lilimkera muuguzi kuliko ugomvi wowote.

Jumapili saa nne kasorobo alikuwa ameketi kwenye meza ya wifi yake, mlango umefungwa, kitambulisho mkononi. Programu ilimpokea bila maswali. Uso wake ulitokea kwenye mraba, umechoka lakini unaonekana. Alishusha pumzi. Akajisemea kwamba yale yote ya mumewe yalikuwa kelele za bure, kwamba watu wengi hawawezi kuwa wajinga wote kwa pamoja.

Maswali yalikuwa sitini. Yalikuwa magumu lakini yalikuwa yale aliyoyasoma: dawa za usingizi, za kulegeza misuli, dozi kwa uzito wa mgonjwa. Alikuwa kwenye swali la thelathini na moja, anatafuta jibu la mtoto wa kilo kumi na mbili, kioo kilipogeuka rangi. Katikati yake yakaja maandishi meupe: kompyuta inasasishwa, tafadhali usiizime.

Alikaa akiyatazama. Hakugusa kitu, kwa kuwa hakukuwa na cha kugusa. Asilimia mbili. Asilimia mbili. Asilimia tano. Alifungua mlango akamwita wifi yake kwa sauti ya utulivu ambayo aliitumia kazini mtoto anapobadilika rangi. Wifi alikuja, akashika mdomo. Akakiri kwamba kompyuta ilikuwa ikimwomba ijisasishe kwa wiki tano, naye kila siku alibofya kuahirisha, kwa kuwa iliomba katikati ya tamthilia. Wifi huyo huyo alipiga picha ya kioo kwa simu yake. Angalau hilo alilifikiria. Muuguzi alipiga namba ya msaada ya chuo, akasikilizishwa muziki. Kompyuta ilirudi baada ya dakika ishirini na sita, imeng'aa, ikimkaribisha. Programu ya mtihani ikamwarifu kwamba aliondoka bila ruhusa na kikao chake kimefungwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani hakulia wala hakuwaza. Alikuwa akirudia tu lile swali la mtoto wa kilo kumi na mbili, na alipofika mlangoni alikuwa amelipata jibu, na halikuwa na kazi tena.

Mumewe alikuwa pale pale, mbele ya kompyuta. Alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu, kabla hajaweza kujizuia, pembe za mdomo wake zilipanda kidogo.

"Nilikuambia," alisema. "Ile mifumo yao inajifanyia mambo bila kumwuliza mwenyewe."

Muuguzi aliweka mkoba wake mezani taratibu.

"Baba watoto, nisikilize, na ukimaliza kunisikiliza usinijibu leo. Kompyuta yako ni nzuri. Nimeitumia miaka miwili, najua uzuri wake kuliko unavyoujua wewe, kwa sababu wewe unaitengeneza tu, mimi ndiye ninayeifanyia kazi. Lakini na wewe ulibadilisha kila kitu bila kumwuliza mtu. Kwa hiyo sijui unamcheka nani. Wiki nzima umekuwa ukibishana na watu wa chuo ambao hata hawajui kama upo. Mimi nilitaka mtihani, wewe ulitaka ushindi. Leo nimekosa mtihani, na wewe umefurahi."

Mhandisi aliigeukia kompyuta, akaizima.

Siku mbili waliongea mambo ya lazima tu: funguo, maji, nani anawapeleka watoto shule. Muuguzi aliandika barua kwa chuo, akaambatisha picha ya kioo aliyoipiga wifi, akasubiri jibu. Kazini alimweleza mwenzake wa zamu, ambaye alimshauri anunue kompyuta mpya kama watu wengine. Kila mtu alikuwa na ushauri wa aina hiyo, na kila mtu aliutoa kama vile ndiye wa kwanza kuufikiria. Alichoka kuwajibu. Akiutetea mfumo wa mumewe alionekana mke mtiifu asiyejua kitu; akiulaumu, alijiona msaliti wa kitu ambacho kwa kweli hakikuwahi kumwangusha ila siku moja.

Jumatano alikuta Mhandisi ameshinda nyumbani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa ameigawa diski ya kompyuta sehemu mbili, na kwenye sehemu moja amerudisha, kwa mikono yake, mfumo wa wengi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyewaoshea vyombo wageni asiowapenda. Alimwonyesha jinsi ya kuchagua wakati wa kuwasha: huku masomo, kule mtihani. Alikuwa ameshamaliza kusasisha kila kitu. Alikuwa ameijaribu programu ya chuo mara tatu, na kamera ilifanya kazi.

"Ningeweza kuifanya hii tangu Jumamosi ile," alisema akiitazama kibodi. "Ni kazi ya saa tatu. Sikutaka tu."

"Najua," alisema muuguzi.

Hakuomba msamaha zaidi ya hapo, na mkewe hakumdai. Hasira yake ilipungua, haikuisha. Saa tatu. Alizihesabu mara nyingi siku zilizofuata, akiwa anafunga bandeji au anasubiri basi.

Chuo kilijibu baada ya siku tisa kwamba atarudia mtihani. Asubuhi ya kurudia aliwasha sehemu ya mfumo wa wengi, na kitu cha kwanza alichokiona ni saa iliyobaki nyuma kwa saa tatu nzima. Alimwita mumewe. Mhandisi alikuja mbio na mswaki mdomoni, akaeleza kwamba mifumo ile miwili haikubaliani namna ya kuhesabu saa, na kila mmoja ukiingia huivuruga ya mwenzake. Akairekebisha, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Muuguzi alifanya mtihani akiwa na saa ya mkononi ameiweka juu ya meza, haamini ya kompyuta, haamini kitu.

Alipata asilimia sitini na nne. Matokeo yalimkuta kazini. Alimpigia mumewe, aliyekuwa juu ya kibanda cha lifti katika jengo la ghorofa tisa, na upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu. Mhandisi alimpongeza kwa kelele, kisha akauliza mitihani iliyobaki ni mingapi.

"Mitano," alisema muuguzi. "Na printa haifanyi kazi kwenye sehemu ile mpya."

Mhandisi akasema ataitazama akirudi. Muuguzi akamwambia aanze kwa kumwuliza anataka kuchapa nini, akakata simu, akarudi wodini kugawa dawa za saa nane.