Viraka Vyeupe

Mtungi ulikuwa mkubwa kiasi cha kumficha mtoto, na ubavuni ulikuwa na viraka vyeupe, kama ukuta ambao fundi wa rangi ameukimbia kabla ya kuumaliza. Mjane alisimama mbele ya kioo, mkoba kifuani, akasahau kwamba miguu yake ilikuwa inawaka moto.

Yeye na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, walikuwa wameshapita katika majumba matatu ya makumbusho, yote yakiutazama ua mmoja wa mawe. Kwenye jumba la michoro, wifi alimcheka mfalme mmoja kwa kitambi chake. Kwenye lile la sanamu aliuliza kwa sauti iwapo watu wa kale hawakuwa na nguo. Alikuwa akijitahidi kumchangamsha, maskini. Lakini mjane alikuja kwa jambo moja tu: kuuona mtungi ambao mumewe, fundi wa karakana iliyo nyuma ya majumba hayo, aliuunganisha kipande kwa kipande. Miaka nenda miaka rudi alimwambia, "Twende siku moja ukauone," na kila mara yeye alikuwa na nguo za kufua.

"Ndio huu," wifi alisema. "Kaka alikuwa akiuita bi mdogo."

"Sasa mbona hakuumaliza?"

Mlinzi wa chumba, mwanamke wa makamo, aliinuka kwenye kiti chake pembeni. "Aliumaliza, mama. Hapo penye weupe, vipande vyake havikupatikana. Angeweza kupaka rangi ifanane, na hakuna ambaye angejua. Lakini mafundi wa hapa hawafanyi hivyo. Kilichopotea wanakiacha kionekane kimepotea. Marehemu alikuwa akisema kuficha ni kumkosea heshima aliyekifinyanga."

Mjane akakumbuka. Bakuli!

Bakuli la mama yake, kitu pekee alichoachiwa, lilianguka likavunjika. Mumewe alikusanya vipande, hata vile vya kuokota kwa ncha ya kidole, akakaa navyo mezani jioni kadhaa. Alipomkabidhi, bakuli lilikuwa limesimama tena, na kiraka cheupe ukingoni.

"Kazi za watu zinang'aa," mkewe alimwambia, "ya mama yangu ndiyo unailipua?"

Mumewe aliinuka, akaenda kuosha gundi vidoleni. Asubuhi mkewe akalitupa bakuli pamoja na taka. Tangu hapo mumewe hakuunganisha tena kitu chochote nyumbani. Kikombe kikivunjika, alifagia tu. Mkewe alidhani ni kiburi.

"Wifi, lile bakuli..."

"Najua. Aliniambia."

"Alisemaje?"

Wifi aliangalia sakafu. Utani wote ulikuwa umemwisha. "Alisema kosa ni lake, hakukueleza vizuri."

Hapo mjane akalia, kilio cha sauti, mpaka wageni wengine wakasogea kando. Kumbe hata lile alijitwisha yeye! Hilo ndilo lililomkata maini. Aliinua mkono, akabandika kiganja kwenye kioo, mbele ya kiraka kikubwa kuliko vyote.

"Mama, kioo hakiguswi," mlinzi alisema taratibu, lakini hakumsogelea.

Walipofika mlangoni, mjane aligeuka. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya mtungi, kitambaa mkononi. Alifuta alama ya kiganja polepole, kwa uangalifu, mpaka kioo kikawa kama hakijawahi kuguswa na mtu.