Kanyuki na Kichanja cha Makayabo

Siku tatu nzima Mama Angélique na binti yake Priscille walikuwa wanaongea kupitia kwa jirani. Nyumba moja, sufuria moja, lakini Priscille akitaka chumvi, anamwomba Mama Tina wa ng'ambo ya ua amwombee kwa mama yake. Nusu ya mtaa wa Mudzipela ilikuwa inawacheka chini chini.

Chanzo kilikuwa kanyuki. Ndivyo Mama Angélique alivyokiita kidude cha kuruka alichotengeneza binti yake, cha kuenea kiganjani, chenye mapanga manne madogo ya kuzunguka na jicho moja la kamera. Priscille alikuwa mwalimu wa fizikia, na jioni zake zilikuwa zinaishia chini ya ukingo wa paa, walikojenga nyuki wa kweli. Aliona kwamba nyuki akitoka mara ya kwanza haendi moja kwa moja. Anageuka, anaitazama nyumba yake, anasogea nyuma kidogo, anaitazama tena, ndipo anaondoka. Basi na yeye akakafundisha kanyuki kake hivyo hivyo. Katoke, kageuke, kapige picha za nyumbani, kaende kakipima ardhi inavyopita chini yake, halafu karudi kakizitafuta zile picha. Hakakuhitaji setilaiti wala mtu wa kukaongoza.

Mpaka hapo mama hakuwa na neno. Neno lilikuja pale Profesa Hilaire wa chuo kikuu cha Kisangani alipotuma habari kwamba atakuja Jumamosi na wenzake wawili kukajaribu. Kanyuki kakirudi kenyewe, Priscille anapata nafasi ya kusoma Kisangani miaka mitatu. Kakipotea, nafasi anapewa mwingine.

"Kisangani iko mbali," mama alisema.

"Kila pahali iko mbali, mama, kama mutu hatoki nyumbani."

Kwa jibu hilo mama alinuna, na akinuna Mama Angélique, ananuna kwelikweli.

Jumamosi wageni walifika saa tatu, jua tayari kali. Priscille aliweka kanyuki juu ya beseni lililopinduliwa. Kakanguruma, kakapanda, kakageuka kuutazama uwanja, kakasogea nyuma, kakautazama tena, kakaenda zake kuelekea mikaratusi iliyo nyuma ya shule. Priscille akawapeleka wageni barabarani wakaone kanavyokata kona.

Mama akabaki peke yake na aibu yake. Amemkasirikia mwanawe, sawa, lakini profesa mzima na tai yake aketi juani, puani harufu ya makayabo? Akakikokota kutoka katikati ya uwanja kichanja cha samaki hao wa chumvi, ambao yeye huwanunua Kasenyi na kuwauza sokoni, akakificha nyuma ya jiko. Akaanua kikwembe chekundu, kitenge chake cha kujifunga, kambani. Akafunga turubai la bluu toka ukutani hadi kwenye mparachichi, akapanga viti chini yake. Alifanya haraka, na alifanya vizuri.

Wageni wakarudi, wakaketi, wakamshukuru. Priscille alipoliona turubai alisimama pale pale akashika kichwa. Kwa ule ununaji wao, hakuwa amemwambia mama yake asiguse kitu.

Kanyuki kalikuja. Kakapita juu ya turubai, kakaenda uwanjani kwa Mama Tina, kakarudi, kakaenda tena.

"Mama Tina," mama akaita, "muulize huyu mutoto, kanyuki kake iko natafuta nini?"

Mama Tina, kichwa juu ya ua, akauliza.

"Mwambie iko natafuta kwetu," Priscille akajibu. "Mwambie ameficha kwetu yote. Na betri imebakia dakika mbili."

Mama Angélique akaelewa, na tuseme ukweli, kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa furaha. Dakika mbili za kukaa kimya, basi. Nani angemlaumu? Alikuwa anawakirimu wageni. Priscille angebaki, na wao wawili wangenuniana na kupatana hapo hapo hadi uzeeni.

Akamtazama binti yake. Priscille alikuwa ameinua uso, anaita kwa sauti ndogo, "Kuya. Kuya hapa, kuya." Mama aliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyokuwa anamwitia Priscille kila magharibi, mtoto akichelewa kurudi kutoka mchezoni. Alimpenda mno, hakuweza kuivumilia.

"Simameni," akawaambia wageni. "Profesa, kuya unisaidie kubeba."

Akazikata kamba za turubai kwa kisu cha samaki. Wale wawili wakaviondoa viti. Profesa akatokea nyuma ya jiko amekumbatia upande mmoja wa kichanja, makayabo yanamwangukia viatuni, na mama upande wa pili anamwamuru.

"Kushoto kidogo. Hapana, kushoto yangu. Hapo."

Akatupa kikwembe chekundu kambani. Kanyuki, kalikokuwa kwa Mama Tina, kakarudi, kakasimama hewani. Kakageuka polepole, kakashuka, kakatua juu ya beseni.

Priscille akaangua kilio.

"Mama Tina, mwambie huyu mutoto aoshe uso, wageni wanamuona."

"Mama, niko hapa. Ongea na miye."

"Basi osha uso," mama akasema, naye anafuta wake.

Priscille yuko Kisangani mwaka wa pili sasa. Kichanja hakijasogea, ijapokuwa Mama Tina anasema kingepata jua zuri zaidi upande wa pili. Kwa shauri hilo alinuniwa wiki nzima. Kile kikwembe chekundu kilipauka, mwishowe upepo ukakipasua. Mama Angélique alizunguka soko Jumamosi tatu mpaka akapata chekundu cha namna ile ile, akakitundika pale pale kambani, na hajakivaa hata siku moja.

"Kikwembe kizuri hivi," Mama Tina alimwambia, "unakiachia mvua?"

"Kiache hapo," alisema. "Mutoto wangu akirudi, nataka ajue kwetu."