Jiwe Kubwa la Pipani

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kahawa, Henning Brockmeyer alishuka katika chumba cha chini cha nyumba yake mjini Osnabrück, akachota maji ya pipa kwa kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia na kusubiri rangi. Kijani kilimaanisha amonia: viumbe waliokufa safarini bado walikuwa wakiozea juu ya mawe hai, yale mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake, aliyoyaagiza na kuyaloweka pipani. Mawe hayo yasingeingia katika tangi la samaki la sebuleni mpaka rangi iwe manjano siku tatu mfululizo. Wenzake wa chama cha wafuga samaki waliofanya haraka waliwazika samaki wao chooni.

Siku ya tisa, Henning alipokuwa akisugua jiwe kubwa kuliko yote, Joachim alichungulia kutoka tundu la jiwe hilo. Huyu alikuwa mume wa kwanza wa mkewe Gesine, aliyezama baharini miaka ishirini na sita iliyopita. Sasa hakuzidi urefu wa kidole, na bado alivaa koti lake la mvua.

"Taratibu na hiyo brashi, bwana. Utanitoa jicho."

Henning alimwandika katika daftari la viumbe waliotoka maweni, chini ya kaa wawili.

Gesine alihamishia kiti chake kando ya pipa. Henning, akiwa ngazini, alisikia kicheko cha mkewe ambacho hakikupata kusikika mezani pake.

"Mnaongea nini kutwa nzima?" aliuliza jioni, wakila mkate na jibini.

"Ananiuliza nimeshindaje."

"Hilo ndilo la kuchekesha?"

"We mzee, mtu mwenyewe hamzidi uduvi, nawe unamwonea wivu?"

"Aliyekufa huchafua maji, Gesine. Aliyekufa hutolewa. Hiyo ndiyo kanuni."

Aliliweka koleo tayari juu ya mfuniko, akangoja kijani kimhukumu Joachim. Siku ya thelathini na mbili maji yalikuwa manjano. Siku iliyofuata, manjano. Siku ya tatu alinunua dawa mpya, akapima mara nne, manjano. Henning hakuwa mtu wa kuvunja kanuni aliyoitamka mwenyewe. Alilibeba jiwe hadi sebuleni kwa mikono miwili, akalipanga tangini penye mwanga mzuri, mkabala na kiti cha mkewe.

Jioni hiyo Gesine alimsimulia Joachim habari za goti lake, za daktari, za dada yake asiyepiga simu. Henning, ambaye hakujua kwamba goti lilikuwa likiuma, alikaa karibu nao akisoma kipimajoto cha tangi.

"Nyuzi ishirini na tano," alisema, bila kuulizwa.