Dola Elfu Mbili na Mia Nne za Verna

Mwaka ule wa korona, serikali ilipogawa fedha za msaada, kila nyumba barabarani kwao ilipata fungu lake isipokuwa nyumba ya Verna Ylitalo. Jirani wa kulia alinunua jokofu. Jirani wa kushoto aling'oa jino lililomsumbua miaka minne. Verna, mpishi mstaafu wa shule, na mumewe Waino, aliyeendesha gari la kusukuma theluji la kaunti miaka thelathini na mmoja, walingoja dola elfu mbili na mia nne zao hadi majani yakapukutika, theluji ikaanguka, na wao bado mikono mitupu.

Verna hakuwa mtu wa kukaa na dukuduku moyoni. Alimvizia Rudy, mleta barua, pale pale kwenye sanduku la barua nje ya nyumba.

"Rudy, hela zangu umezipeleka wapi?"

"Bi Verna, mimi naleta kilichopo. Kisichokuwepo nitakitoa wapi?"

"Basi kimepotelea mikononi mwa mtu, na mikono ninayoiona hapa ni yako."

Rudy aliinamisha kichwa akaenda zake, na tangu siku hiyo akawa anaweka barua sandukuni haraka haraka na kuondoka bila salamu.

Mwezi wa pili Verna alijaza fomu za kodi mwenyewe juu ya meza ya jikoni, kama alivyozoea. Safari hii palikuwa na mahali pa kudai msaada kwa yule ambaye hakuupata. Akaudai. Ukijumlisha na dola mia sita na kumi na moja za kodi waliyokatwa zaidi, alitarajia kurejeshewa dola elfu tatu na ushei, na paa la sauna yao, kibanda cha kuogea mvuke, lilikuwa linavuja vibaya.

Mwezi wa nne ukapita, wa tano ukapita. Alipopiga simu ofisi ya kodi alisikilizishwa muziki saa nzima na dakika ishirini, kisha laini ikakatika.

"Usinune, mama," Waino alimtania. "Tamasha zima umelisikiliza bure."

"Cheka tu. Paa likikuangukia ukiwa uchi humo saunani, nami nitacheka."

Mwezi wa sita barua ya ofisi ya kodi ikaja. Ilisema kwamba kwa kumbukumbu zao fedha za msaada zilikwisha kutumwa, kwa hiyo marejesho yote yamesimamishwa hadi dai lichunguzwe. Verna aliisoma mara mbili, akavua aproni, akamwambia Waino awashe pikapu.

Walikwenda maktaba ya mji. Kila Jumanne Bi Delphine Beauchamp, mhasibu mstaafu wa kiwanda cha mbao, aliketi pale kusaidia watu mambo ya kodi bila malipo. Aliisoma barua, akauliza maswali machache, kisha akapiga simu kwa namba aliyoijua yeye mwenyewe. Baada ya nusu saa hivi akapata mtu. Aliandika, akaitikia, akaandika tena, akakata simu.

"Zilitumwa kweli, mwaka jana mwezi wa sita," alisema. "Lakini hazikuja kwa hundi. Zilikuja kwa kadi."

"Kadi gani?" Waino aliuliza. Sauti ile ya mkosaji Verna hakuwa ameisikia tangu siku mumewe alipong'oa uzio wa mchungaji kwa gari la theluji.

"Kadi ya plastiki kama ya benki, ina majina yenu. Bahasha yake nyeupe tu, haina nembo ya serikali. Wengi waliitupa."

Waino aliinuka, akatoka nje. Walimwona dirishani akifungua mlango wa pikapu, akipekua chini ya kiti. Aliporudi aliweka mezani kipande cha plastiki kilicholika pembe zote kama kilichotafunwa na panya.

"Ni hii?"

Bi Delphine aliigeuza kwenye mwanga. Namba zilikuwa zimefutika karibu zote, ila herufi za YLITALO zilisomeka.

"Hii imefanywa nini?"

"Nimekwangulia barafu kwenye kioo cha gari," Waino alisema. "Majira mazima ya baridi. Kusema kweli, inakwangua vizuri kuliko vikwangulio vya dukani."

Bi Delphine alijaribu kujizuia, akashindwa. Alivua miwani akacheka hadi machozi yakamtoka. Verna hakucheka.

"Waino! Unakwangua barafu kwa dola elfu mbili na mia nne?"

"Nani aliniambia ni matapeli?"

Verna alifungua kinywa ajibu, kumbukumbu ikamjia. Alikuwa anakanda unga siku ile. Waino aliingia na bahasha mkononi, akasema wameletewa kadi ya benki wasiyoijua. Naye, bila hata kugeuka, akasema, "Matapeli hao. Tupa."

"Na mimi sikutupa," Waino aliongeza taratibu. "Ningekutii, leo tungekuwa na nini?"

Uso wa Verna ulimwaka. Kilichomuuma zaidi kilikuwa kitu kingine. "Bi Delphine, nimetia saini kwamba sikupata hata senti. Nimeidanganya serikali."

"Mwongo ni yule anayejua, mwenzangu. Wewe ulikosea, na kosa linasahihishwa. Vuta kiti."

Siku hiyo hiyo waliandika barua ya kuliondoa dai lile na kuomba zile mia sita na kumi na moja tu. Kisha wakaipigia simu kampuni ya kadi, wakaomba nyingine. Walipokuwa njiani kurudi, karibu na kona ya ziwani, kicheko kikampanda Verna ghafla. Alicheka hadi Waino akasimamisha gari kando, wakacheka wote wawili kama watoto.

Kesho yake alioka pai sita za nyama na viazi, akamngojea Rudy sandukuni. Rudy alipomwona alitaka kupita.

"Simama. Nilikusingizia, na mchana kweupe. Nisamehe."

Rudy alifunua kitambaa, akanusa. "Bi Verna, kama fidia yenyewe ndiyo hii, nisingizie tena wiki ijayo."

Kadi mpya ilifika baada ya siku kumi, na Waino hakuruhusiwa hata kuigusa. Marejesho ya kodi yalichukua muda, lakini mwezi wa nane yaliingia bila kupungua hata dola moja. Paa liliezekwa upya kabla ya theluji ya kwanza.

Mwezi wa pili uliofuata Bi Delphine alimpigia simu: watu wamezidi, je, anaweza kumsaidia Jumanne? Verna alivaa blauzi yake nzuri. Mtu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mpasua kuni, aliyebwaga bahasha mezani na kunguruma kwamba serikali imemlia hela zake.

"Kaa, ndugu yangu," Verna alimwambia. "Vua koti kwanza, theluji inadondokea karatasi zangu."