Kiti Cheupe cha Dada

Dada alitaka kiti cheupe, basi. Tangu miguu yake igome kabisa, mdogo wake na mkewe walikuwa wakimbeba kila asubuhi kutoka kitandani hadi mlangoni, apate jua, aone wapita njia na kuwasema apendavyo. Dunia yake yote ilikuwa hiyo, kipande cha sakafu na kizingiti kimoja. Na huyo mdogo mtu, fundi wa kusuka viti vya henzirani, akishindwa kumtengenezea dada aliyemlea kiti cha kubebewa, ufundi wake ni wa nini?

Kazi aliijua nje ndani. Henzirani mbichi unaichemsha kwenye mafuta mpaka maji yatoke na wadudu wafe. Inatoka ngumu, ukiikunja inarudi, ila inatoka kahawia. Ukitaka nyeupe unailoweka kwenye dawa, tena kidogo tu, maana dawa ikishamaliza rangi inaanza kula nyuzi.

"Hii nayo unaiita nyeupe?" dada alimuuliza alipoonyeshwa kipande. "Mwanangu, hii ni rangi ya meno ya mvuta sigara."

Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi naye akacheka, akarudi karakanani na kutumbukiza fito mbichi kwenye pipa la dawa, akaziacha zikae humo. Hatua ya kuzichemsha kwenye mafuta aliiruka, yasije yakaharibu weupe. Alipokunja ufito wa kwanza aliusikia ukilia kidogo kwa ndani, jambo ambalo henzirani iliyopikwa haifanyi. Alisikia vizuri kabisa. Akajiambia dada ni mwepesi, mifupa mitupu.

Kiti kilipendeza kupita kiasi. Dada alikaa mlangoni kama bibi harusi, akiwaita majirani waje wakione, na asiyesifu alisemwa mpaka asifu.

Asubuhi moja, wakiwa katikati ya kizingiti, mkono wa kubebea ulikatika upande wa fundi. Ufito mzima hupasuka polepole, ukakupa nafasi ya kutua mzigo. Huu ulikatika ghafla, kavu, kama biskuti. Nyonga ya dada ikaangukia ukingo wa saruji.

Daktari alisema mfupa wa umri ule hautaunga. Alale tu, wasimsogeze sana.

Fundi hakusikia la mtu. Alichemsha fito mpya kwenye mafuta, akazianika, akasuka kiti cha kahawia, kibaya cha sura. Akapanda juu yake akarukaruka. Akamwita mkewe, wakapanda wote wawili. Hakikutoa sauti.

Akakipeleka chumbani.

"Dada, hiki hakivunjiki. Nimezipika fito zake."

Dada alikuwa ameelekea ukutani, hakugeuka. "Najua, mdogo wangu. Kupika ulijua tangu zamani."

Maneno hayo yalimkata maini, kwa kuwa hayakuwa na hasira hata kidogo.

"Basi tukupeleke mlangoni mara moja tu, wifi," mkewe alisihi.

"Mkinigusa tu naumia. Kiuzeni."

Mkewe akatoka akijifuta macho kwa kanga. Kule nje jirani mmoja alipita, akatoa salamu mlangoni kwa mazoea, akakosa wa kumjibu.

Fundi akakikalia kiti mwenyewe, kando ya kitanda. Akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, mara ya pili, mara ya tatu, akitamani kilie japo kidogo. Hakikulia.